Ni "b" au ni "d"?

Ndugu msomaji, mwaka juzi nilipata barua-pepe fupi kuliko zote nilizowahi kupata. Ilitoka kwa mnunuzi mmoja wa stempu wa huko Ujerumani. Nilikuwa nimetangaza kwenye mtandao stempu tatu kutoka kwenye albamu ya marehemu Babu. Bwana yule hakusalimu wala hakuuliza bei. Aliuliza jambo moja tu: ile herufi ya sita, ni b au ni d?

Sikumwelewa. Nikafungua picha niliyoiweka mtandaoni, nikaikuza mpaka ikajaa kwenye kioo cha kompyuta. Sikuona b, sikuona d. Niliona mabaka ya kijivu, kama ukungu wa kwenye ukuta wa choo cha uani.

Kwanza nikueleze swali lenyewe. Stempu zile zilikuwa za Uhindi, zenye kichwa cha Malkia Victoria. Hapo zamani barua za Unguja zilishughulikiwa na posta ya Uhindi. Mwaka 1895 Zanzibar ilipoanza kuendesha posta yake yenyewe haikuwa na stempu za kwake, basi zikachukuliwa zile zile za Uhindi, likapigwa chapa juu yake neno moja: Zanzibar. Sasa, kazi ya kupanga herufi za risasi ni kazi ya mikono, na mkono huteleza. Mahali pengine kwenye karatasi neno likatoka Zanzidar. Kosa hilo wakusanyaji wa stempu wanalijua, limeandikwa kwenye katalogi zao, na wanalitafuta kwa tochi. Stempu yenye b ni ya bei ya kawaida. Ndugu yake mwenye d thamani yake ni mara nyingi zaidi. Tofauti ya utajiri na umaskini ni kijiti kimoja, kimesimama kushoto au kulia kwa duara.

Na kijiti hicho mimi nilikuwa nimekitupa kwa mikono yangu mwenyewe. Niliikagua stempu kwa miwani ya kukuzia ya fundi saa wa mtaani kwetu: ilikuwa b. Nikamjibu mzungu wangu, akanunua kwa bei ya b, yakaisha. Lakini swali lake halikuniisha kichwani. Kile kijiti kilikwenda wapi? Nani alikiondoa? Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, hesabu zilinishinda mapema, lakini nilikaa miezi kadhaa nikisoma ili nijibu swali hilo. Haya ndiyo niliyoyaokota.

Tuanze na uzito wenyewe. Postikadi ya zamani ina upana wa inchi tatu na nusu na urefu wa inchi tano na nusu. Skana ikiisoma kwa nukta 300 kwa kila inchi, inapata nukta 1,050 upande huu na 1,650 upande ule. Zidisha: ni nukta 1,732,500. Kila nukta inataka namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, na kila namba ni baiti moja. Jumla yake inapita megabaiti tano. Hiyo ni kadi moja, upande mmoja! Ukipandisha hadi nukta 600 kwa inchi usidhani uzito unazidi mara mbili. Unazidi mara nne, kwa sababu umeongeza upana na umeongeza urefu. Ukurasa mzima wa albamu yenye ukubwa wa karatasi ya A4, kwa nukta 300, ni megabaiti 26. Kijana wa pale kwenye duka la steshenari nilikoskania alicheka alipoona faili zangu. "Bro," akaniambia, "hizi zitakula bando lako lote kabla hata mteja hajaamka. Ngoja nikupunguzie." Akabonyeza vitufe viwili. Kila faili ikabaki na kilobaiti 40. Nikamshukuru sana.

Kumbe vitufe vile viwili vina historia ndefu kuliko umri wangu na wake tukijumlisha.

Twende Washington mwaka 1957. Katika ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vipimo na viwango, mhandisi Russell Kirsch na wenzake walitengeneza mashine yenye pipa linalozunguka. Picha inabandikwa juu ya pipa, jicho la umeme linaipitia mstari kwa mstari na kuilisha kompyuta iliyoitwa SEAC. Picha aliyoichagua Kirsch ilikuwa ya mwanawe Walden, mtoto wa miezi mitatu. Ilikuwa na sentimita tano tu kila upande, ikagawanywa nukta 176 kwa 176, yaani nukta 30,976. Kumbukumbu ya kompyuta ile haikuweza kubeba zaidi. Na kila nukta iliruhusiwa kuwa kitu kimoja kati ya viwili: nyeusi au nyeupe. Hakuna kijivu. Shavu la mtoto, ambalo halina mahali linapoacha kuwa jeupe na kuanza kuwa jeusi, lililazimishwa kuchagua. Kirsch akaona haipendezi, akaiskani mara kadhaa, kila mara akibadilisha kiwango cha mwanga, kisha akaziunganisha apate rangi ya kijivu.

Hebu angalia jambo hili. Kabla hata ya kuwepo mtu wa kumtumia picha, kabla ya mtandao, kabla ya mnada wowote, picha ya kwanza kabisa kuingia kwenye kompyuta ilikuwa tayari imepunguzwa. Mtu alikaa akaamua nini kibaki na nini kiende.

Sasa, kupunguza kuko kwa namna mbili, na mtu akizichanganya hizi anapotea kama nilivyopotea mimi. Fikiria unasafiri kwenda Tanga na begi dogo. Unaweza kuzikunja nguo vizuri mpaka zienee. Ukifika unazikunjua, kila shati lipo na mikono yake. Au unaweza kuchukua mkasi ukakata mikono ya mashati. Begi litafungika, ndiyo, lakini ukifika huwezi kuishona mikono ambayo uliiacha jalalani.

Baba wa kukunja ni kijana mmoja, David Huffman. Mwaka 1951 alikuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani. Mwalimu wake, Robert Fano, aliwapa wanafunzi hiari: ama mfanye mtihani wa mwisho, ama muandike karatasi ya kutatua tatizo fulani. Tatizo lilikuwa kutafuta njia iliyo bora kabisa ya kuandika ujumbe kwa alama chache. Ambalo mwalimu hakuwaambia ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelihangaikia tatizo hilo, na hata Claude Shannon, ambaye maandishi yake ya mwaka 1948 ndiyo yaliyoanzisha elimu yote hii, hakuwa amelimaliza. Huffman alihangaika miezi. Alikuwa amekata tamaa, anatupa makaratasi yake ili akasomee mtihani kama wenzake, jibu likamjia. Mwaka uliofuata likachapishwa.

Jibu lenyewe hata mimi nalielewa. Kinachotokea mara nyingi kipe alama fupi, kinachotokea kwa nadra kipe alama ndefu. Angalia ukurasa huu unaousoma: herufi a imetapakaa kila mahali, wakati v na f haziji mara nyingi hivyo. Basi kwa Kiswahili a itapewa alama fupi kuliko zote, na v ikivumilia alama ndefu hakuna anayepata hasara. Ukija kukunjua, kila herufi inarudi mahali pake. Hakuna kilichokatwa.

Lakini kukunja peke yake hakutoshi kwa picha. Ukikunja picha ya megabaiti tano kwa namna hii unaweza kuishusha, bali huwezi kuifikisha kilobaiti 40. Hapo ndipo mkasi ulipohitajika, na mwenye mkasi wa maana alitoka Bangalore, Uhindi.

Nasir Ahmed alizaliwa mwaka 1940, akaenda Marekani kusoma, akawa mwalimu wa chuo kikuu huko Kansas. Mwaka 1972 aliliandikia shirika la serikali linalofadhili sayansi akiomba fedha achunguze wazo lake la hesabu za mawimbi. Maombi yakakataliwa. Kwa maelezo yake mwenyewe miaka mingi baadaye, mmoja wa waliomhukumu aliliona wazo hilo ni rahisi mno. Rahisi mno! Wenzangu tunaopeleka miswada kwa wachapishaji tunaijua ladha ya jibu la namna hiyo. Ahmed hakuacha. Akaendelea na mwanafunzi wake T. Natarajan na rafiki yake K. R. Rao, na Januari 1974 wakachapisha makala yenye kurasa chache tu. Hesabu zilizomo ndani ya kurasa zile ndizo zinazofanya kazi kila unapotazama picha ya kawaida kwenye simu yako.

Zinafanya nini? Nitajaribu kueleza kwa ngoma. Ukisimama katikati ya ngoma unasikia vyote, msondo unaonguruma na kayamba inayochakacha. Rudi nyuma hatua mia tatu. Msondo bado unausikia, kayamba huisikii tena, na wala huoni kwamba ngoma imepungua. Picha nayo ina msondo wake na kayamba yake. Mbingu inayofifia taratibu kutoka buluu kwenda nyeupe, shavu, ukuta uliopakwa chokaa, hayo ni msondo. Ukingo mkali, uzi wa kitambaa, unywele, herufi ndogo, hiyo ni kayamba. Hesabu za Ahmed zinaitenganisha picha, msondo huku, kayamba kule. Zenyewe hazitupi kitu. Ila zikishatenganisha, mwenye mkasi anajua pa kukata.

Mwaka 1986 wataalamu wa nchi mbalimbali waliunda kamati ya kutafuta njia moja ya kubana picha za kamera ili kila kompyuta ielewane na mwenzake. Jina la kamati kwa kifupi ni JPEG, na ndilo jina lililobaki kwenye faili mpaka leo. Kanuni yao ilipitishwa mwaka 1992. Kwa ufupi inakwenda hivi. Kwanza wanatenganisha mwanga na rangi, kwa sababu jicho la binadamu ni hodari wa kuona mwanga na ni zembe kwenye rangi. Hivyo rangi inapunguzwa bila huruma. Kisha picha inakatwa vipande vya nukta 8 kwa 8, nukta 64 kila kipande. Kila kipande kinapitishwa kwenye hesabu za Ahmed. Halafu mkasi: sauti za kayamba zinakadiriwa kwa juu juu, nyingi zinageuzwa sufuri. Mwisho kilichobaki kinakunjwa, na mara nyingi anayekunja ni Huffman yule yule aliyenusurika mtihani.

Matokeo yake ni ya ajabu. Picha ya megabaiti tano inashuka kufikia nusu megabaiti, mara kumi nzima, na wewe unaapa ni ile ile. Ukiendelea kubana ndipo vile vipande vya nukta nane vinapoanza kujitokeza kama vigae, na pembeni ya kila herufi yanatokea mawimbi ya uchafu.

Kwa nini watu wakubali mkasi huo? Turudi mwaka 1995. Septemba ya mwaka huo, huko California, Pierre Omidyar alianzisha mnada wake kwenye mtandao, uliokuja kuitwa eBay. Moja ya vitu vya kwanza kuuzwa ilikuwa tochi ya leza iliyoharibika, ikaenda kwa dola 14.83. Punde wakaingia watu wa vitu vya kale: stempu, sarafu, postikadi, wanasesere. Siku zile modemu nzuri ya nyumbani ilipitisha biti 28,800 kwa sekunde. Piga hesabu uone: postikadi yetu ya megabaiti tano ingemchukua mnunuzi zaidi ya dakika 20 akiikodolea macho, na simu ya nyumbani imekamatwa muda wote huo. Nani angengoja? Kwa kilobaiti 50 anaiona kwa sekunde 14. Hapo muuzaji aliyejua kubana picha aliuza, asiyejua alibaki na bidhaa yake. Sisi huku tunapohesabu bando tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Basi simlaumu yule kijana wa steshenari. Kosa langu lilikuwa kutouliza anakata nini. Nilipiga hesabu baadaye. Ukurasa mzima wa albamu, wenye upana wa milimita 210, aliushusha ukawa na upana wa nukta 600. Neno Zanzibar kwenye stempu yangu lina upana wa milimita 14 hivi. Maana yake neno zima lilipata nukta 40, na kila herufi nukta tano. Juu ya nukta hizo tano akapitisha mkasi wa JPEG. Kamati ile ilijua jicho la mtu wa kawaida halitafuti nini. Haikumfikiria mtu anayetafuta kijiti cha d.

Na thamani ya kitu cha kale hukaa wapi? Hukaa kwenye kayamba. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Zanzibar zilizokuwa ghalani zilipigwa muhuri kwa mkono: JAMHURI 1964. Mkono wa mtu haupigi sawa mara mbili, na waghushi nao hawakulala, kwa hiyo mnunuzi anataka kuona wino ulivyotambaa, ukingo wa herufi, meno ya stempu kama yamekatika. Vyote hivyo ni vitu vyembamba. Vyote ndivyo vinavyotupwa kwanza.

Pengine utasema, ukungu si kitu, mtu akiona ukungu atauliza kama alivyouliza Mjerumani wako. Kweli. Ubaya zaidi ni pale mashine inapotupa halafu ikajaza pengo. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine za ofisini za Xerox zinaskani michoro ya nyumba na kubadilisha namba. Chumba cha meta za mraba 21.11 kilitoka kwenye mashine kikiwa na 14.13, sawa kabisa na chumba cha jirani. Namba ilikuwa safi, inasomeka, haina ukungu hata chembe, na ni ya uongo. Sababu ni kwamba mashine, ili kupunguza faili, ilikuwa ikihifadhi kipande kimoja na kukirudia kila ilipoona kingine kinachofanana nacho. Kampuni ikalazimika kutoa programu ya kurekebisha. Mashine ya namna ile ingeweza kuitazama d, ikaona inafanana na b, ikakuandikia b nzuri iliyonyooka. Na kosa la mwaka 1895 lingesahihishwa milele bila mtu kujua.

Sasa ndugu msomaji, kama nawe una sarafu za bibi yako au stempu za mjomba na unataka kuziuza, nakugawia nilichojifunza kwa gharama. Skani kwa ukubwa, stempu kwa nukta 600 au zaidi, na faili hiyo ya kwanza ihifadhi kwa namna isiyokata, kama PNG, iliyobuniwa miaka ya 1990 ikiwa ya kukunja tu. Faili hiyo usiiguse tena. Tengeneza nakala, na nakala ndiyo uibane. Ondoa kwanza pembezoni zisizo na kazi: stempu moja peke yake kwa nukta 600 ikibanwa mara kumi haifiki hata kilobaiti 150, na kijiti kinaonekana. Usiibane nakala ya nakala, maana JPEG hukata upya kila unapobadilisha na kuhifadhi. Mwisho, pale penye thamani weka picha ya pili ya karibu, ya kipande kile tu.

Mimi sikuhifadhi faili za kwanza. Flashi yangu ilikuwa imejaa, nikazifuta zile kubwa usiku ule ule, nikabaki na za kilobaiti 40. Kwenye stempu haikuniuma, b ilikuwa b. Lakini albamu ya Babu ilikuwa na postikadi pia, kumi na moja, na zote nimeziuza. Babu alikuwa karani wa posta Tanga. Nyuma ya kila kadi aliandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo za karani, kadi ilitoka kwa nani na siku ile kulitokea nini. Nilijiambia nitayasoma nikitulia. Riwaya ninayoiandika inamhusu yeye.

Mwezi uliopita Bibi aliniomba nimsomee maneno ya nyuma ya kadi yenye meli, ile aliyoletewa mwaka waliooana. Nikafungua faili, nikakuza. Neno "Tanga" linasomeka. Chini yake ni mistari sita ya kijivu. Nimemwandikia aliyeinunua. Akajibu kwa adabu kwamba aliiuza zamani na hakumbuki kwa nani.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani mistari mingapi?"

Nikamwambia sita.